Wendo, wimbo wa saa sita ya usiku, na kanisa lililomlea

Watu walisema hivi: ukiupiga wimbo ule saa sita ya usiku, wafu wanaamka.

Wimbo wenyewe ni «Marie-Louise». Ulitoka mwaka 1948 Léopoldville, mji ambao leo tunauita Kinshasa. Mwimbaji alikuwa Antoine Wendo Kolosoy, mpiga gitaa alikuwa Henri Bowane, na nyumba iliyotoa santuri ilikuwa Ngoma, ya Mgiriki Nicolas Jéronimidis. Ni wimbo wa mapenzi. Kijana anamtaja msichana anayempenda, gitaa linamjibu, basi. Mtu akiusikia leo kwenye redio, wakati mama anapika na watoto wanafanya kazi ya shule, hawezi kufikiri kwamba kuna aliyewahi kuuogopa.

Lakini waliuogopa. Uvumi ulipita mtaa kwa mtaa, ukaingia katika masoko, ukapanda meli, ukafika misioni. Mapadri wakasema ni kazi ya shetani. Mambo yalipochemka, Wendo alilazimika kuuacha mji kwa muda. Wabelgiji walimfunga gerezani huko Stanleyville, yaani Kisangani, kwa kipindi kifupi. Na Kanisa Katoliki likamtenga: likamtoa katika ushirika wake.

Habari hii ya zamani inafaa kusimuliwa tena huku mashariki, kwa sababu vijana wa Bukavu, wa Uvira, wa Goma na wa Kisangani yenyewe wanaoshika gitaa, brashi ya rangi au kipaza sauti bado wanasikia maneno ya aina ileile, mara nyingi kutoka kwa watu wanaowapenda. Na katika maisha ya Wendo kuna jambo ambalo wengi hulisahau wanapomtaja kama baba wa rumba. Huyu hakuwa mtu wa nje aliyekuja kuchokoza kanisa. Alikuwa mtoto wake.

Alizaliwa mwaka 1925 Mushie, katika jimbo la sasa la Mai-Ndombe. Mama yake alikuwa mwimbaji. Baba alifariki mtoto akiwa na miaka kama saba, na mama akamfuata baada ya muda si mrefu. Yatima huyo akapokelewa katika nyumba ya watoto ya wamisionere. Huko ndiko alikokula, alikolala, alikojifunza sala. Kufika miaka kumi na moja alikuwa tayari anapiga gitaa. Halafu, kadiri maisha yake yanavyosimuliwa, akiwa na miaka kumi na mbili au kumi na tatu mapadri walimfukuza, kwa sababu maneno ya nyimbo zake hayakuwapendeza.

Tusipite haraka hapa. Mtoto wa miaka kumi na mbili, hana baba, hana mama, na kitu pekee alichoachiwa na mama yake ni sauti. Nyumba iliyompokea inamwambia achague. Hatujui aliimba nini hasa siku zile, na pengine yalikuwa maneno ya kitoto tu, ya kuchekesha wenzake. Ila hesabu ni rahisi: ilipotoka «Marie-Louise», Wendo alikuwa ameshafukuzwa mara moja na watu walewale, kwa kosa lilelile, miaka kumi hivi nyuma. Ile ya 1948 haikuwa kesi mpya.

Katikati ya hapo aliishi maisha ya mtu asiye na pa kurudi. Alifanya kazi kwenye meli za mto Kongo na kuwaimbia abiria. Alipigana masumbwi kwa pesa, akasafiri hadi Kamerun na Dakar. Kwenye mto ndiko sauti yake ilikokomaa, ile sauti ya kupanda ghafula juu na kushuka, ambayo waigaji wengi wameijaribu na kuishia kukohoa. Hata jina la jukwaani alilichukua mbali: watu walimfananisha na Mwingereza mkubwa, Duke wa Windsor, likawa Wendo Sor. Kijana aliyenyimwa nyumba alijipa ukoo wa kifalme. Hapo kuna mzaha, na kuna jambo jingine pia.

Ili kuelewa kutengwa kulikuwa na uzito gani, lazima kukumbuka Kongo ya wakati ule. Shule za watoto weusi zilikuwa karibu zote mikononi mwa misioni. Shule za serikali zisizo za kidini zilifunguliwa kwao mwaka 1954 tu. Aliyetaka mtoto wake ajue kusoma alipitia kwa padri. Aliyetaka kazi ya ofisi alipaswa kuwa na sifa njema, na sifa njema iliandikwa na padri. Ndoa, ubatizo na mazishi vilikuwa kwa padri. Kwa hiyo mtu aliyetengwa hakukosa komunyo peke yake. Majirani walianza kumkwepa, na si wote kwa uovu: wengine waliogopa kwamba kivuli chake kingewaangukia watoto wao.

Kuna jambo la kushangaza katika kesi hii. Wamisionere walikuwa wamefundisha kwa miaka mingi kwamba mambo ya mizimu ni ujinga wa wapagani. Mkristo mwema asiamini kwamba mfu anaweza kuitwa. Kisha uvumi wa mtaani ukasema wimbo mmoja unaita wafu, na wao wakauchukua kwa uzito kuliko wauza pombe wa Kinshasa. Mtaani, uvumi ule ulikuwa nusu hofu, nusu sifa. Uliiuza santuri! Kusema wimbo unaamsha wafu ni namna ya kusema wimbo ni mtamu mno. Lakini mtu wa misioni aliposikia maneno hayo hakusikia sifa.

Tuwe wa haki kwa mapadri pia. Hawakuogopa wafu tu. Waliona vijana wanatoka vijijini, wanafika mjini bila mjomba wala shangazi wa kuwaangalia, wanapokea mshahara siku ya malipo na kuuacha baa siku hiyohiyo. Waliona mume na mke wasio wa ndoa wanacheza wakiwa wameshikana. Muziki wa Wendo ulikuwa sauti ya mji huo. Mzazi yeyote wa leo ambaye binti yake wa miaka kumi na nne anajifunza kukata kiuno mbele ya simu anaweza kuielewa hofu hiyo bila kufundishwa. Kosa halikuwa kuogopa. Kosa lilikuwa kumtwika mtu mmoja na gitaa lake mji mzima.

Sasa tazama kilichofuata. Mwaka 1958, miaka kumi tu baada ya «Marie-Louise», padri mmoja Mfransisko kutoka Ubelgiji, Guido Haazen, alikuwa Kamina, Katanga, na kundi la waimbaji lililoitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Wakatengeneza misa ya Kilatini kwa tuni za nyumbani na ngoma za nyumbani. Ndiyo Missa Luba. Mwaka huohuo kundi lilipelekwa Ulaya, wakati wa maonyesho makubwa ya Brussels, na wazungu wakapiga makofi. Ngoma zilezile ambazo mzee wa kijiji aliambiwa azitupe zilikuwa sasa zinaimba Sanctus.

Miaka thelathini tena ikapita. Kardinali Joseph Malula, askofu mkuu wa Kinshasa, na maaskofu wenzake walipigania misa yenye sura ya Kongo, na Roma ikaikubali mwaka 1988. Katika misa hiyo watumishi wa altare wanacheza kuizunguka altare wakati wa Utukufu. Na mwanzoni, pamoja na watakatifu, wanaitwa wahenga, wazee wetu waliotangulia wakiwa na mioyo minyofu. Papa Fransisko alipokuja Kinshasa, tarehe 1 Februari 2023, misa ya uwanja wa Ndolo ilikuwa ya mtindo huo.

Yaani mwaka 1948 mtu alitengwa kwa wimbo uliosemekana kuita wafu, na miaka arobaini baadaye wahenga wakawa wanaitwa kwenye misa yenyewe, kwa ruhusa na muhuri. Mtaalamu wa dini atasema mambo haya mawili si sawa, na atakuwa na haki. Wahenga wa misa wanaitwa ili waombe pamoja nasi. Hakuna anayewaamsha wacheze. Hata hivyo mlango ambao mwaka 1948 ulionekana ni ukuta, ulifunguliwa.

Ni nani aliyepita? Hapo ndipo penye fundo. Waliopita ni kundi. Kamina ilikuwa korali chini ya padri. Misa ya Zaire ni ya jumuiya yote, wote wanacheza hatua moja, hakuna anayejitokeza kusema «mimi». Wendo alisema «mimi». Aliimba mapenzi yake mwenyewe, kwa jina lake, na msichana akamtaja kwa jina pia. Jumuiya ya dini iliyo kali inaweza kumeza ngoma, gitaa, hata kiuno, ikiwa vinafanya kazi ya wote. Kinachoikwama kooni ni mtu mmoja anayesimama kando na kuonyesha alichokiona yeye.

Wakimbangu ni mfano mzuri wa jambo hili. Kanisa lao lina masharti makali: hawanywi pombe, hawavuti tumbaku, hawachezi dansi za dunia, mume ana mke mmoja. Wanajua mateso pia, maana Simon Kimbangu alikamatwa mwaka 1921 na kukaa gerezani miaka thelathini, hadi kufariki Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwezi Oktoba 1951. Ungetegemea kanisa kama hilo liwe jangwa la sanaa. Kinyume chake, lina bendi za tarumbeta zinazotetemesha barabara, na mwaka 1994 Armand Diangienda, mjukuu wa Kimbangu, alianzisha Kinshasa okestra ya muziki wa Beethoven na wenzake, wakati wengi wa wapigaji hawakuwa wamewahi kushika fidla. Vyombo vilikuwa vichache, wakapokezana. Uzi wa fidla ulipokatika, walitia waya wa breki ya baiskeli. Wamepiga hata sehemu za Carmina Burana, kazi ambayo ndani yake kuna fungu zima la nyimbo za baa. Kwa Kilatini hakuna aliyekasirika.

Mtu anaweza kucheka, lakini okestra ile ni kitu cha ajabu na cha kuheshimiwa, na imetoka ndani ya kanisa lenye sheria ngumu. Wapigaji hawakulazimika kuchagua kati ya fidla na ndugu zao. Wendo hakupewa nafasi hiyo.

Huku kwetu, shule ya kwanza ya sanaa ni korali. Hilo halina ubishi. Kijana anajifunza sauti ya tatu na ya nne kabla ya kujifunza hesabu za sehemu. Anajifunza kinanda kwa kutazama vidole vya mkubwa wake. Anajifunza kusimama mbele ya watu mia tano bila kutetemeka. Kanisa linampa vyombo ambavyo wazazi wake wasingeweza kununua. Kisha, akiwa na miaka kumi na tisa au ishirini, anaandika wimbo ambao haumtaji Bwana. Pengine ni wimbo wa vita, wa kaka aliyepigwa risasi, wa askari barabarani. Pengine ni wa msichana. Au anachora mwili wa mwanamke, au anachonga barakoa kama alivyofanya babu yake.

Mambo huanza polepole. Kiongozi wa korali anamwita pembeni. Baba pasta anahubiri juu ya «miziki ya dunia» bila kutaja mtu, na watu wanageuza shingo kumtazama. Anawekwa benchi la nyuma, haruhusiwi kuimba kwa muda. Mama anarudi nyumbani na kitambaa kikiwa bado kichwani, anakaa jikoni, anasema: «Mwanangu, kwa nini unaniaibisha mbele ya kanisa?» Kwa mama huyo hili si jambo la heshima tu. Katika mitaa iliyojaa watu waliokimbia vita, kanisa ndilo linalochanga unga mtu akifiwa, ndilo linalotafuta sanduku, ndilo linalopeleka wageni posa inapojadiliwa. Serikali iko mbali. Mama anaogopa siku atakapougua na wamama wa kanisa wasije.

Na akitokea mtu akatamka neno «uchawi», mambo yanakuwa mengine kabisa. Neno hilo katika nchi yetu halisemwi kwa mchezo. Watoto wamefukuzwa majumbani kwa ajili yake, mpaka sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 ikaweka adhabu kwa anayemshtaki mtoto uchawi. Mchongaji wa barakoa mwenye miaka ishirini na tano si mtoto. Anaweza kuamka na kukuta wanunuzi wamekoma na watoto wa jirani wanavuka barabara wakimwona.

Kwa wanawake hesabu ni kali zaidi. Tshala Muana, aliyezaliwa Élisabethville na kuipeleka mutuashi ya Kasai duniani kote, alicheza kiuno ambacho kule kwa Waluba kinachezwa kwenye sherehe mbele ya wazee na watoto. Jukwaani, chini ya taa, kiuno hichohicho kiliitwa uasherati. Alipofariki Kinshasa tarehe 10 Desemba 2022, waliomlilia walikuwa pamoja na wengi waliozima televisheni zao zamani alipotokea. Msichana wa korali anayetaka kucheza jukwaani leo hana haja ya kuambiwa haya. Anayajua.

Wengi hawafanyi kishindo. Wanagawanya maisha. Jumamosi jina moja, Jumapili jina lingine. Gitaa linalala kwa rafiki. Picha za rangi zinageuzwa uso ukutani mjomba mzee wa kanisa akija kutembea. Kuna wanaoliita jambo hili unafiki, na ni neno jepesi kwa mtu asiye na cha kupoteza. Kijana hataki kumwacha Mungu wake, wala hataki kumwacha mama yake, wala wimbo haumwachi yeye. Wengi wao wanasali kweli. Hilo ndilo wasanii wa Kinshasa na wageni kutoka Ulaya wanaokuja kuandika habari zao hawalioni upesi: wanatafuta mwasi, wanakutana na mtu anayefunga na kuomba siku ya Ijumaa.

Wendo naye hakuwa mwasi wa kujitangaza. Alirudi mjini, akaendelea kuimba, akawa mtu mkubwa wa miaka ya hamsini. Baada ya Patrice Lumumba, rafiki yake, kuuawa Januari 1961, aliacha, kwa kuwa aliona wanasiasa wanataka kupanda juu ya migongo ya wanamuziki. Alikaa kimya miaka mingi. Katika miaka ya tisini alirudi, mzee mwenye kofia na sauti ileile ya mtoni, akarekodi tena, akasafiri, na mwaka 2006 ikatoka filamu juu yake, On the Rumba River, ya Jacques Sarasin. Alifariki Kinshasa tarehe 28 Julai 2008. Desemba 2021 UNESCO iliandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, kwa ombi la Kongo zote mbili.

Na gitaa la Bowane? Wapenzi wengi wa muziki wanasema katika «Marie-Louise» ndipo sebene ya kwanza iliposikika kwenye santuri, ile sehemu ambapo mwimbaji ananyamaza na gitaa linawaita watu wacheze. Nenda leo katika makanisa ya uamsho Jumapili yoyote, saa nne ya asubuhi. Ibada ya kusifu ikipamba moto, mwimbaji ananyamaza, gitaa linaingia, na wazee wa kanisa wanasimama na vitambaa mkononi. Wanaiita sebene, kwa jina lake.

Mpiga gitaa huyohuyo akialikwa kupiga kwenye harusi Jumamosi jioni, korali nyingi bado hazijakubaliana la kufanya. Kuna wanaomruhusu mradi asipige za dunia, na wanamtuma kijana mmoja akasikilize. Kuna wanaomwambia arudishe gitaa la kanisa kwanza, na Jumapili inayofuata anakaa nyuma, karibu na mlango.